Mkongo Ulifika Pwani, Kijiji Kilisubiri

Mwaka 1995, kampuni za kwanza zilipoanza kuuza intaneti jijini Nairobi, Shirika la Posta na Simu la Kenya lilitangaza kwamba biashara hiyo ni haramu. Kwa sheria ya wakati ule, shirika hilo peke yake ndilo lililokuwa na haki ya kupitisha mawasiliano, na kuuza intaneti kulihesabiwa kuwa ni kuuza huduma yake bila idhini. Kampuni hazikufunga milango. Ziliendelea na kazi zikiwa na hofu ya tangazo hilo, huku zikikodi laini za simu kwa shirika lile lile lililoziita haramu.

Nimeanzia hapa kwa sababu habari ya intaneti ya bei nafuu vijijini kwetu haieleweki kwa kutazama mitambo tu. Mitambo ilikuwapo mapema kuliko wengi tunavyodhani. Kilichochelewa kwanza ni ruhusa. Ruhusa ilipopatikana, likabaki swali la nani atagharamia kipande cha mwisho cha njia, kile kinachotoka mjini hadi kwenye zahanati, shule na duka la kijijini.

1995–2005: Miaka ya ukiritimba

Mwaka 1999 shirika lile liligawanywa. Posta ikasimama peke yake, simu zikaenda kwa Telkom Kenya, na usimamizi ukakabidhiwa Tume ya Mawasiliano. Hata hivyo Telkom ilibaki na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa hadi 2004. Nchini Tanzania nako, kampuni ya simu ya taifa, TTCL, ililindwa namna hiyo hiyo hadi Februari 2005.

Ukanda wote wa Afrika Mashariki haukuwa na mkongo wa baharini hata mmoja. Kila kitu kilipanda setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka Ulaya au Marekani. Barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili, kama watu hao wawili walitumia kampuni tofauti, iliweza kuvuka bahari na kurudi, na safari hiyo ikalipiwa kwa dola kwenda na kurudi.

Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya ziliamua kuondoa kero hiyo. Zilifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili ya Nairobi yabaki Nairobi. Telkom ililalamika kuwa haki yake imevunjwa, na haikupita wiki mbili Tume ikaamuru kituo kifungwe. Kampuni hazikukata tamaa. Zilipeleka shauri kwenye baraza la rufaa, zikapata leseni, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Vipimo vilivyochukuliwa katika wiki mbili za kwanza baada ya hapo vilisema yote. Data iliyokuwa ikichukua milisekunde 1,200 hadi 2,000 kwa setilaiti ilichukua 60 hadi 80. Laini ya kilobiti 512 iliyogharimu dola 9,546 kwa mwezi iligharimu 650. Kampuni hazikukata tamaa. Zilipeleka shauri kwenye baraza la rufaa, zikapata leseni, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote ya muongo ule, ingawa halikumgusa mwanakijiji hata mmoja moja kwa moja. Lilionyesha kwa tarakimu, mbele ya serikali, kwamba sehemu kubwa ya bei tuliyokuwa tukilipa haikutokana na umbali wala mitambo. Ilitokana na amri.

Masafa ambayo hayahitaji leseni

Wakati mvutano huo ukiendelea, kifaa kitakachofaa vijijini kilikuwa kinakua mahali pengine kabisa. Mwaka 1985 wasimamizi wa mawasiliano wa Marekani waliruhusu mtu yeyote kutumia baadhi ya masafa ya redio bila leseni, alimradi asizidishe nguvu. Hayo ndiyo masafa yanayotumiwa pia na oveni za mawimbi, na yalionekana hayana thamani kubwa kibiashara. Mwaka 1997 wahandisi walikubaliana juu ya kanuni moja ya kurusha data humo, ikaboreshwa 1999, na dunia ikaijua kwa jina la Wi-Fi. Kwa vile ilitiwa ndani ya mamilioni ya kompyuta za mapajani, vifaa vyake viliporomoka bei haraka mno.

Wi-Fi ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba na ofisi, yaani kwa mita mia moja au pungufu. Lakini wimbi lile lile, likikusanywa na antena ya dishi badala ya kusambaa pande zote, hufika mbali ajabu. Kikwazo kilikuwa ndani ya programu. Kifaa kikituma pakiti ya data husubiri jibu kwamba imefika, na jibu lisipokuja kwa muda mfupi uliowekwa, huhesabu imepotea na kuituma tena. Kwa umbali wa makumi ya kilomita jibu linakuja, ila limechelewa, na kifaa kinabaki kurudia yale yale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wengine waliokuwa wakifanya kazi India na Amerika Kusini, walirekebisha kanuni hiyo ya kusubiri. Mwaka 2007 nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyo kilomita 382 mbali kwa vifaa vya Wi-Fi.

Kinachohitajika ni antena mbili kuonana. Si kuonana kwa mfano, ni kuonana hasa, pasipo kilima wala mti katikati. Fundi mmoja anapanda mnara huku, mwenzake anapanda ule wa pili, kila mmoja simu sikioni. Mmoja analegeza nati ya dishi, analisogeza kidogo kushoto, anasoma namba kwenye skrini, anamwambia mwenzake asubiri, analisogeza tena. Kwa kilomita thelathini, kosa dogo tu la nyuzi linapeleka boriti mlimani badala ya mnarani. Namba ikipanda wanakaza nati, mmoja anabaki kuangalia isije ikashuka tena. Hakuna waya wa shaba wa kuibiwa wala mtaro wa kuchimba.

2004–2008: Bunda na Gulu

Ukiritimba ulipokwisha, majaribio yalianza karibu wakati mmoja sehemu mbalimbali. Mkoani Mara, Tanzania, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na wataalamu wa chuo cha KTH cha Stockholm walianza kuziunganisha wilaya za Bunda na Serengeti. Walitazama juu wakaona kitu ambacho wengi tulikipita bila kukijua. Nyaya za umeme mkubwa za shirika la umeme, TANESCO, zilikuwa zimebeba nyuzi za mwanga ambazo shirika lilitumia kwa kazi zake lenyewe. Nafasi iliyobaki humo iliweza kuleta intaneti hadi wilayani, na redio zikaisambaza kwenye shule, hospitali na ofisi za halmashauri.

Kaskazini mwa Uganda sababu ilikuwa nzito zaidi. Vita vya Lord's Resistance Army vilikuwa vimewahamisha watu zaidi ya milioni moja na kuwasukuma kambini. Pabbo, kambi kubwa kuliko zote, ilikuwa na maelfu ya watu waliobanana kwenye vibanda vya nyasi, bila umeme, bila simu ya mezani, na barabara za kutoka humo zikiwa za hatari. Mauaji yaliyotokea kambi moja yaliweza kuchelewa kusikika kwenye kambi nyingine. Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, kupitia mradi wa BOSCO, lilishirikiana na shirika la Inveneo la San Francisco. Kuanzia 2007 walirusha Wi-Fi ya masafa marefu kutoka Gulu hadi kambini, wakiweka kompyuta zinazokula umeme kidogo sana, zikiendeshwa na sola na betri. Ndani ya mtandao ule simu za kambi kwa kambi hazikuwa na gharama yoyote. Intaneti ya nje ilitoka kwenye setilaiti, kwa hiyo ilikuwa ghali na nyembamba, lakini mawasiliano ya wenyewe kwa wenyewe hayakuhitaji setilaiti.

Vita vilipotulia na watu wakarudi makwao, kambi zilibomolewa. BOSCO ilihamisha kazi yake kwenye vituo vya vijijini vya mafunzo na biashara. Somo la kifundi lilikuwa limethibitika, kwamba redio za bei ndogo na sola zinatosha. Kilichokosekana ni intaneti ya bei ndogo ya kupitisha humo.

2009: Bahari inafunguka

Mradi wa mkongo wa EASSy ulianza kuzungumzwa 2003, ukakwama miaka kwa miaka kwenye mabishano ya serikali na kampuni juu ya nani awe na sauti na nani auziwe kwa bei gani. Kenya ikachoka kusubiri. Katibu Mkuu wa Habari, Bitange Ndemo, aliisukuma serikali iingie ubia na kampuni za simu kuvuta mkongo wake yenyewe, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. Ulitua Juni 2009. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Julai, SEACOM ya watu binafsi iliwashwa Mombasa, Dar es Salaam, Maputo na Afrika Kusini, baada ya kucheleweshwa na maharamia wa pwani ya Somalia. EASSy yenyewe ilifika 2010.

Bei ya jumla ya megabiti, iliyokuwa maelfu ya dola kwa mwezi, ikashuka hadi mamia, kisha chini zaidi. Serikali za Kenya na Tanzania zilikuwa zinalaza mikongo ya taifa hadi makao ya wilaya. Magazeti yaliandika kana kwamba kazi imekwisha.

Kijijini haikuwa hivyo. Kampuni ya simu inapopanga mnara mpya huhesabu barabara ya kuufikia, jenereta na dizeli, mlinzi, na kodi ya kiwanja, kisha inagawanya kwa idadi ya wateja na fedha wanazoweza kutumia. Mjini hesabu inakubali. Kwenye kata yenye nyumba zilizotawanyika inakataa. Palipokuwa na mnara, mara nyingi ulikuwa wa kupiga simu na kutuma M-Pesa tu, au intaneti ilikuja kwa vifurushi vidogo vinavyokwisha saa sita usiku hata kama mtu hajavimaliza. Mwaka 2018 Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka kipimo kwamba huduma ya msingi ya intaneti isizidi asilimia 2 ya kipato cha mwezi. Kipimo hicho ni cha wastani wa nchi. Mkulima anayepata fedha mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno, hayumo kwenye wastani huo.

2013: Nanyuki na nafasi za televisheni

Ndipo Nanyuki ikaingia kwenye habari. Kwenye miteremko ya magharibi ya Mlima Kenya, mwaka 2013, Microsoft kwa kushirikiana na serikali na kampuni ya Indigo Telecom ilianzisha mradi wa Mawingu. Wazo lake lilikuwa kutumia nafasi tupu zilizo katikati ya chaneli za televisheni. Masafa hayo ya chini yana sifa ambayo Wi-Fi haina, yanapenya miti na kupinda kidogo kwenye vilima. Kituo kimoja kilifikisha megabiti hadi 16 kwa sekunde umbali wa kilomita 14. Kifaa huuliza kwanza kwenye hifadhidata ni chaneli zipi ziko wazi mahali kilipo, kisha hutumia hizo tu ili kisiharibu picha ya mtu.

Sekondari ya Gakawa, zahanati ya Burguret na taasisi nyingine za karibu zikaunganishwa, vituo vikiendeshwa na sola. Antena yenyewe haikumshangaza mtu. Ilifanana na ile ya vijiti iliyofungwa kwenye mti mrefu nyuma ya nyumba kwa ajili ya kunasa televisheni ya KBC. Dar es Salaam nako mwaka huo huo COSTECH na kampuni ya UhuruOne walitangaza jaribio kama hilo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Kwa nini basi leo paa za vijiji hazijajaa antena hizo? Jibu linaturudisha 1995. Ruhusa ya Nanyuki ilikuwa ya majaribio, na kanuni kamili za Kenya za kutumia nafasi hizo zilikuja miaka kama saba baadaye. Bila kanuni hakuna soko, bila soko viwanda vilitengeneza vifaa vichache, na vichache vikabaki ghali. Mawingu, ambayo sasa ni kampuni kamili, haikukaa kusubiri. Ilipanuka kaunti hadi kaunti kwa redio za kawaida za masafa yasiyo na leseni, ikiuza intaneti kwa nyumba, shule na maduka ya miji midogo, na baadaye ikavuka mpaka kwa kuinunua Habari ya Arusha, moja ya kampuni kongwe za intaneti Tanzania. Mradi uliosifiwa kwa teknolojia mpya ulikua kwa teknolojia ya zamani. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mteja anataka laini isikatike, basi.

Mfano mwingine ulitokea 2016 kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, upande wa Kongo. Kisiwa kina watu zaidi ya laki mbili na hakikuwa na umeme wa gridi. Wakulima wake wa kahawa walikuwa wakivusha mzigo kwa mitumbwi kwenda Rwanda bila kujua bei watakayokuta. Mwami, yaani chifu wa jadi wa kisiwa, aliomba intaneti, na wabia kutoka nje wakasaidia kujenga Pamoja Net. Mashirika na wafanyabiashara walilipa, na malipo yao yakabeba saa za matumizi ya bure kwa umma. Jambo hili linastahili kuangaliwa sana na wapangaji wetu, maana linajibu swali la nani atalipa bila kungoja mhisani kila mwezi.

2018–2021: Maputo ya angani

Alphabet, kampuni mama ya Google, ilikuwa na jibu la aina nyingine. Mradi wake wa Loon ulirusha maputo makubwa hadi kilomita 20 angani, kila moja likiwa mnara wa 4G unaoelea. Makubaliano na Telkom Kenya yalitangazwa 2018. Huduma ilianza Julai 2020 kwa maputo yapatayo 35 juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, kuanzia Iten na Baringo hadi Kisumu, Kisii na Narok. Kitaalamu ilikuwa kazi ya kusifika. Wahandisi waliyapandisha na kuyashusha maputo kufuata mikondo ya upepo ili yasipeperuke. Lakini aliye chini alihitaji simu ya 4G, na wengi hawakuwa nayo. Januari 2021 Loon ilitangaza kufungwa, ikisema haikupata njia ya kushusha gharama kiasi cha kuifanya biashara idumu. Machi huduma ya Kenya ikazimwa. Uamuzi wote ulifanyika California, na wananchi wa Baringo hawakuwa na chombo chochote mkononi cha kuendelea nacho.

2018–2021: Leseni ya wanakijiji

Miaka hiyo hiyo, kimya kimya, mitandao ya jamii, yaani ile inayoendeshwa na wanakijiji wenyewe, ilikuwa inaota. Wilayani Kondoa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakiongozwa na mhadhiri Jabhera Matogoro, kwa ruzuku ya Internet Society, waliunganisha shule za sekondari na jamii zinazozizunguka kwa nafasi za televisheni, zile zile za Nanyuki. Mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, iliwapa kibali cha majaribio. Nchini Kenya vikundi vya jamii pamoja na watetezi wa haki za mtandao walishinikiza hadi Mamlaka ya Mawasiliano, ile Tume ya zamani, mwaka 2021 ikatoa mwongozo wa leseni mahususi ya mitandao ya jamii, yenye ada ndogo na mipaka ya kaunti ndogo. Kabla ya hapo, kikundi cha vijana wenye minara miwili kilitakiwa kuingia kwenye utaratibu uliotungwa kwa ajili ya kampuni.

Kutoka tangazo la 1995 hadi mwongozo wa 2021 ni miaka 26. Shughuli iliyoitwa haramu hata kwa kampuni za jijini sasa imeandikiwa leseni yake kwa watu wa kijijini.

Tangu 2023

Setilaiti imerudi, ila si ile ya kilomita 36,000. Starlink, inayozunguka kwa kimo cha kilomita 550 hivi, ilifungua Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai. Nchini Kenya iliweka kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300, na kampuni za zamani zikalazimika kuangalia upya bei zao. Mwishoni mwa 2024 Nairobi na kaunti jirani zilijaa hata wateja wapya wakasimamishwa. Vijijini nafasi ipo, lakini kifaa chenyewe ni mzigo kwa kaya moja.

Tanzania njia kuu imebaki minara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na kampuni zenyewe kwa mujibu wa sheria ya 2006, ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 kwa ruzuku ya serikali. Kata nyingi zilitarajiwa kupata mawasiliano kwa mara ya kwanza, na ni jambo jema. Ila mnara ukishasimama, bei ya kifurushi inapangwa na kampuni, na ruzuku ya ujenzi haimfikii mwenye simu. Ningependa kuona sehemu ya mfuko huo, hata ndogo, ikilipia laini ya kutoka mkongo wa taifa hadi kwenye mitandao kama ule wa Kondoa, kisha shule na kijiji waachiwe kugawana wenyewe kilichobaki. Mkongo umeshafika makao ya wilaya, na redio za kuutoa hapo zimekuwa za bei ya chini kwa zaidi ya miaka 20.